Injini Si Kioo

Kuna video kwenye simu yangu ambayo nimekataa kuifuta. Ni ya sekunde 41. Kijana amefunga fulana usoni, amevaa miwani ya jua ya mia moja, ameshika mpira wa kompresa. Mbele yake, juu ya kipande cha turubai, kuna injini ya Honda CG125 ya babangu. Anaipiga mchanga. Vumbi linapaa, jua la saa kumi linapenya ndani yake, na chini ya vumbi hilo aluminiamu inajitokeza nyeupe kama meno ya mtoto. Niliipost siku hiyo hiyo. Watu wakamwaga moto na macho ya mapenzi. Msee mmoja akaandika: sasa hiyo ndiyo kazi.

Haikuwa kazi. Ulikuwa uharibifu, na mimi ndiye niliyeulipia.

Naandika haya kwa sababu siku hizi kila mtu mjini ana mpango na pikipiki ya zamani. Kuna aliyeitoa ushago kwa guka, kuna aliyeipata kwa mlinzi aliyekuwa akiikalia kama stuli, kuna aliyeinunua kwa bei ya chuma chakavu. Wote wanaanza vilevile: kabla ya kuuliza kama inawaka, wanauliza nani anaweza kuing'arisha. Nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wenu. Kwa hivyo nitasema bila kuzunguka mbuyu: acheni kuzing'arisha injini. Zisafisheni. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya ataua injini. Mbaya zaidi, anaweza kuua mtu.

Nianze na hiyo CG, ili mjue nilichokuwa nacho mkononi.

Honda ilianza kuitoa mwaka 1976, ikiwalenga watu wa nchi kama zetu: barabara ya mawe, mzigo kupita kiasi, oili inayobadilishwa siku Mungu akipenda. Injini yake ni silinda moja, valvu zinasukumwa na vijiti, hakuna mbwembwe. Ilivumilia hadi Wachina wakainakili, na boda nyingi za Kichina zilizowahi kutubeba zina injini ambayo ni mjukuu wake. Ya buda ilikuwa ya serikali kwanza. Alikuwa afisa wa mifugo Kilifi, akiiendesha vijijini na kijisanduku cha barafu kimejaa chanjo ya ng'ombe. Ilipopigwa mnada, aliinunua mwenyewe. Alipostaafu akaiegesha barazani, na pale ikakaa miaka tisa ikipulizwa na upepo wa bahari.

Nilipoenda kuichukua, mapezi ya silinda yalikuwa yamezibwa na oili iliyogandamana na udongo mwekundu. Kwenye mwili wa injini kulikuwa na madoa ya unga mweupe, kama mtu aliyemwagia chumvi akasahau kuipangusa. Niliona aibu kwa niaba yake. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kwenye aibu.

Kwa sababu sikuielewa aluminiamu. Wengi wetu hatuielewi, ilhali tumelelewa nayo. Sufuria ya nyumbani ni aluminiamu. Muulize mathe kitu gani kinafanya sufuria iwe nyeusi, atakwambia: chemshia maharagwe kwa magadi. Muulize kitu gani kinairudisha nyeupe, atakwambia ukwaju au ndimu. Mathe hajasoma kemia lakini amekupa somo zima: hii ni metali inayoumizwa na vitu vya upande wa magadi, na pia inaliwa na asidi. Asidi dhaifu ya ndimu inalamba juu juu tu. Asidi kali inatafuna.

Aluminiamu haipati kutu nyekundu kama chuma. Ikiguswa na hewa inajivika ngozi nyembamba sana, isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Ule ukijivu uliofifia ambao wewe unauita uchakavu ni metali iliyovaa nguo zake. Ukiukwangua leo ung'ae, ngozi inaanza kujirudia papo hapo, na baada ya miezi mng'ao umekufa tena. Adui wa kweli ni chumvi. Chumvi inatoboa ngozi hiyo sehemu moja moja, inachimba vishimo, na unga mweupe ndio unaotoka kwenye vishimo hivyo. Injini ya Kilifi ilihitaji kutolewa chumvi, oili na udongo. Basi. Haikuhitaji kuchunwa.

Sasa tazama tunachokifanya mjini.

Kuna wanaoitumbukiza kwenye kostiki soda. Inatoa mapovu kwa fujo, na mteja anasimama pale akifurahi kuona uchafu ukitoka. Bana, yale mapovu ni gesi ya haidrojeni, na inatoka kwa sababu metali yenyewe inayeyuka. Nyuzi za bolti zinapanuka, nyuso za gasketi zinapoteza ulaini wake, na miezi miwili baadaye unashangaa oili inavuja wapi. Kuna wanaotumia asidi ya kuoshea choo. Hiyo inasafisha kweli, halafu inaacha kloridi kwenye vitundu vya metali, yaani umeifukuza chumvi ya bahari ukaleta chumvi ya dukani. Kuna wanaopuliza rangi ya fedha ya mkebe juu ya uchafu na unga mweupe, picha ikipigwa kesi imefungwa, halafu tone la kwanza la petroli kutoka kwa kabureta linaibandua kama ngozi ya nyanya. Na kuna sisi wa mchanga.

Karakana niliyoipeleka sitaitaja, maana ubaya haukuwa wake peke yake. Walifungua kabureta na ekzosi, wakaziba matundu kwa matambara, wakapiga. Injini haikufunguliwa hata bolti moja ya ndani. Mchanga wa mto, ule ule wa kujengea maghorofa, ni mgumu kuliko aluminiamu mara nyingi. Chembe zake hazigongi na kudondoka tu. Nyingine zinadungwa ndani ya metali zikabaki pale, nyingine zinapenya kwenye tambara, zinaingia kwenye matundu ya bolti, kwenye njia za oili, kwenye beringi. Na CG haina chujio la karatasi la kuzinasa. Ina wavu, na ina kikombe mwishoni mwa kranki kinachozunguka kwa kasi kikitupa takataka pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Kilibuniwa kwa ajili ya uchafu wa kawaida wa injini. Hakuna mhandisi aliyekaa chini akawaza kwamba siku moja mwenye pikipiki atalipa pesa ili itiwe mchanga.

Nililipa 9,500. Iliporudi, watu walikuwa wakisimama barabarani kuitazama. Ungeweza kuchana nywele ukijitazama kwenye kifuniko cha klachi.

Ilienda kilomita 340.

Nilikuwa nikitoka Mai Mahiu napanda kurudi Limuru, gia ya pili, jua limeshaanza kushuka upande wa bonde. Kwanza ikaanza kutoa mlio mdogo, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Halafu moshi. Halafu nguvu zikaisha, nikawa naipita miti polepole kuliko mtu anayetembea. Halafu ikashika. Tairi la nyuma lilikwaruza lami, nikaikamata klachi, nikasimama kando ya barabara malori yakinipita na honi. Ukimya wa injini iliyoshika si kama ukimya wa injini iliyozimwa. Unajua.

Iliishia kwa mzee mmoja fundi huko Kariobangi, niliyeelekezwa na mtu wa pickup. Aliifungua nikiwa nimeketi kwenye ndoo. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya kwenda juu na chini kama imeparuzwa na paka. Alipofika kwenye kile kikombe cha kranki, akachota kwa kidole tope la kijivu, akaniita.

“Kijana, leta mkono.”

Akalipaka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole.

“Sugua. Unasikia nini?”

“Mchanga, mzee.”

“Nani aliuweka?”

“Fundi.”

Akafuta mikono yake kwa kitambaa, akanitazama. “Na nani alimlipa?”

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nilijijibu hivyo hivyo usiku mzima. Kwamba mafundi wetu ni wa kubahatisha. Kwamba jua kali ni jua kali. Hiyo ndiyo hadithi tunayoipenda, kwa sababu ndani yake mteja hana dhambi. Lakini tusidanganyane. Kabla ya ile karakana nilikuwa nimeenda kwa fundi mwingine, na yeye aliniambia ukweli: kuifungua yote, kuiosha kwa mkono, siku mbili, 6,000 za kuosha peke yake kabla ya spea. Nilicheka. Siku mbili za kuosha? Na ikitoka itang'aa? Akasema haitang'aa, itakuwa safi. Nikaondoka. Huyo fundi alipoteza kazi kwa kusema kweli, na aliyeipata ni yule aliyeahidi kioo. Tukifanya hivyo mara mia, mwenye kuosha atajifunza nini? Atanunua kompresa. Soko tumelijenga sisi, halafu tunalilaumu kwa kutuuzia tulichoomba.

Na sasa nirudi kwa yule kijana wa video, maana injini inaweza kununuliwa nyingine.

Mchanga wa mto kwa sehemu kubwa ni silika. Ukiupiga kwa upepo wa kompresa unapasuka kuwa vumbi, na chembe zake ndogo kabisa, zile usizoziona, zinafika chini kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa unaitwa silikosi. Hauna tiba. Unaendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na unamfungulia mlango kifua kikuu. Hii si habari mpya: Uingereza ilipiga marufuku kusafisha vyuma kwa mchanga wa silika zaidi ya miaka 70 iliyopita, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakifa. Kijana wangu alikuwa na fulana usoni. Fulana inazuia vumbi la barabara, haizuii hilo. Na mimi nilikuwa mita tano kutoka kwake, nikitafuta pembe ambayo vumbi litashika mwanga vizuri.

Ndiyo maana sijaifuta video. Nilirudi kumtafuta. Wakaniambia alihamia kwingine, na hakuna aliyejua ni wapi.

Kuna msomaji atakayesema: lakini kuna njia ya maji, ya kupiga shanga ndogo za kioo zikiwa zimechanganywa na maji. Kweli ipo, na ikifanywa na anayejua ni nzuri, kwa sababu maji yanalaza vumbi na shanga hazichubui kama mchanga. Sina ugomvi nayo. Lakini hata hiyo inataka injini ifunguliwe hadi kipande cha mwisho, beringi zitolewe, na kila tundu lioshwe na kupulizwa baadaye mara mbili, mara tatu. Yaani inarudi pale pale kwenye siku mbili ulizokataa kuzilipia.

Mwingine atasema: ni mali yangu, nataka ing'ae. Sawa. Vifuniko vya pembeni vifungue, vichukue nyumbani, vipige msasa wa maji namba 400, halafu 800, halafu 1200, umalizie kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa. Vile ni vifuniko, vinatoka na kurudi, na jasho litakuwa lako. Lakini mapezi, nyuso za gasketi na mwili wa injini uviache. Mwili wa injini ndio wenye namba iliyogongwa, namba ile ile iliyo kwenye logbook. Yangu sasa inasomeka kwa kuinamisha tochi, na siku polisi mwenye haraka atakaponisimamisha, nitamweleza nini? Kwamba sikuiiba, niliipendezesha?

Na kulikuwa na alama nyingine. Chini ya kabureta, mahali usipopaona, buda alikuwa amekwaruza mistari minne kwa msumari. Kila alipobadilisha pistoni na ringi, aliweka mstari. Sikuwahi kujua. Nilijua siku aliyokuja Nairobi kwa kliniki ya macho, akapiga magoti pale kibarazani, akapitisha kidole chini ya kabureta, akapitisha tena.

“Mlipafuta?”

Nikamwambia tuliisafisha, baba.

“Aaa,” akasema. Akainuka akajipangusa goti. Hakusema kingine, na ni heri angenigombeza.

Mistari minne ndiyo iliyokuwa historia yote ya injini hiyo, kitabu chake cha hospitali, na fundi yeyote mwenye akili angeisoma akajua pistoni imeshafika saizi gani. Sisi tuliilipia 9,500 ifutike. Na hilo ndilo linalonikera kuhusu mtindo huu wote: tunasema tunapenda vya zamani, halafu kitu cha kwanza tunachokifanya ni kuviondolea ushahidi kwamba viliwahi kutumika. Tunataka pikipiki ya 1980-kitu iliyozaliwa jana. Hatuupendi uzee wake. Tunapenda wivu wa wanaotuangalia.

Kwa hivyo, ukiwa na injini ya mzee wako mkononi, hivi ndivyo nilivyofundishwa Kariobangi, na nimevifanya kwa mikono yangu.

Kwanza piga picha kila upande kabla hujagusa, ikiwemo chini ya kabureta. Andika namba. Skurubu za Kijapani zina msalaba wake, haulingani sawasawa na wa bisibisi ya kawaida. Ukilazimisha utaila kichwa, halafu utaleta patasi, na patasi itaacha kovu la milele. Tafuta bisibisi yake, na iliyokwama ipe mafuta ya kupenya usiku kucha. Ukishafungua kila kitu, osha kwa mafuta taa au dizeli, nje, mbali na moto, kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma isiguse. Ya shaba nyekundu au njano inaruhusiwa kwa sehemu sugu, kwa upole. Katikati ya mapezi tumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Gasketi kuukuu ilainishe kwanza, halafu ikwangue kwa mti au plastiki ngumu, kamwe si kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja kwenye uso huo ni njia ya oili kutoka. Halafu maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara mbili. Suuza vizuri, kwa sababu chumvi inatoka na maji. Puliza kila njia ya oili, halafu upitishe kitambaa cheupe. Kikitoka na doa, rudia. Mwisho kausha, na pale penye vyuma vya ndani pakaa oili mpya siku hiyo hiyo.

Penye vishimo vya chumvi, sugua unga mweupe utoke, suuza, uache vishimo. Vishimo si ugonjwa. Ni Kilifi.

Na kama huna mikono wala muda, mlipe fundi anayesema siku mbili. Usimwombe apunguze. Usimuulize kama itang'aa. Ukiona kompresa na lundo la mchanga, mwambie mwenye karakana kwa nini unaondoka, kwa sauti, yule kijana mwenye fulana usoni naye asikie.

CG imerudi barabarani tangu Februari. Silinda ilichongwa saizi ya juu, pistoni mpya, beringi mpya, kranki ikafunguliwa na kuoshwa mara tatu. Ilinigharimu mara nne ya ule mng'ao. Vifuniko vimeshaanza kufifia na nimeviacha. Chini ya kabureta kuna mistari mitano: minne niliyomwomba buda airudishe kwa msumari, na mmoja wangu.

Juzi stage, msee wa boda aliizunguka mara mbili, akatikisa kichwa. “Sasa hii utaimaliza kutengeneza lini?”

Nikaipiga teke moja. Ikawaka.